Chungu cha Matundu

Kuanzia Agosti sina macho ya kazi nyingine.
Magauni ya arusi yanangoja, sare za shule zinangoja,
nami nashona vioo.
Vidogo kama kucha za mtoto,
mia tatu kwa sketi moja, na sketi ni arobaini,
na kila kimoja, kabla sijakifunga kwa uzi,
hunitazama kwa jicho moja
kama mdai.

Labhuben huketi mlangoni, hapa Ngara,
kiti cha plastiki, miguu haifiki sakafuni.
Anahesabu vioo. Hata mimi ananihesabu.
"Kavindu, hapa umeruka."
Kiswahili chake ni cha dukani, cha miaka sabini,
kina bei ndani yake.

Hunisimulia Jamnagar:
ziwa katikati ya mji,
gurudumu la mbao linalopandisha watu mwezi wa mvua,
siku ambayo jiko haliwashwi, linapumzishwa kama mzazi,
na nyumba nzima hula vya jana, vya baridi, bila kunung'unika;
wanawake wanaokifunga kitambaa vifundo elfu kwa ukucha
kabla hakijaonja rangi.
Nikamuuliza alitoka huko lini.
Akang'ata uzi.
"Mimi? Mimi nimezaliwa Pangani.
Jamnagar alikuwa nayo mama mkwe.
Alipokufa ikabaki humu ndani. Ningeitupa wapi?"

Mwaka huu chungu kilivunjika.
Kilisafiri kimeviringishwa sari mbili na magazeti,
kikafika uwanja wa ndege vigae.
Na bila chungu, taa ya Mata itakaa wapi usiku tisa?
Kina matundu pande zote, akanionyesha kwa vidole,
mwanga utoke, usitoke wote.
Vijana wa kamati wakataja cha plastiki, cha betri.
Labhuben akavua miwani.
Hapo nikajua mambo yameharibika.

Nikampigia shangazi Syombua, Kitui, mfinyanzi.
"Chungu chenye nini?"
"Matundu."
"Ya makusudi?"
"Ya makusudi, shangazi."
"Basi huyo mteja wako atatekea maji gani?"
Simu ikakatika. Salio au hasira, sikujua.

Siku ya kumi basi la usiku likaleta boksi la sabuni.
Ndani, katikati ya nyasi kavu, chungu chekundu,
matundu yamezunguka shingo mstari kwa mstari
kama shanga za wale bibi wa kilumi
waliopiga ngoma kuomba mvua nilipokuwa mdogo
mpaka mmoja akaanguka, akinena kwa sauti isiyo yake.
Hilo sikumwambia Labhuben.
Alikigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza
kama mtu anayechagua tikiti maji.
"Bei?"
Nikataja. Akapunguza shilingi hamsini.
Kisha akalia.

Usiku wa sita wakaniita na sindano.
Sketi ya Dhruvi imekanyagwa, pindo limefumuka.
Nikapiga magoti nyuma ya spika, naye hatulii,
kisigino kinafuata ngoma huku nashona.
Nikajichoma mara mbili.
"Haya, nenda."
Akaenda, duara likammeza.
Ndipo nikaiona kazi yangu yote ikizunguka,
vioo elfu kumi na mbili, wala hakuna kimoja
kilichokuwa na nafasi ya kuniangalia,
na katikati, juu ya kigoda,
udongo wa Kitui unavuja mwanga.
Mtu akanipa nazi na sukari kiganjani.
Nikala na damu ya kidole changu.

Asubuhi shangazi akapiga.
"Huko kumenyesha?"
"Bado."
"Hata huku. Na kile chungu, kimeshika maji?"
"Kimeshika moto."
Akanyamaza. Nikasikia mbuzi wake, nikasikia ndoo tupu
ikiburutwa uani.
"Mwambie asikioshe kwa sabuni," akasema.